Alama Chini ya Mbavu za Mama

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana mtu aliyeyapitia haya kifua mbele. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa bahasha yoyote yenye mhuri wa ofisi ya elimu, na zaidi ya vyote naogopa hospitali. Mama yangu hakuwa hivyo. Alilima kijijini Likunja maisha yake yote, akazaa watoto wake nyumbani, na mimi, mwalimu mwenye mshahara na miwani, alinichukulia kama bidhaa yenye kasoro ambayo mtu kaipenda hivyo hivyo.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nafundisha shule ya msingi Nachingwea. Siku moja mama akashuka mlangoni kwangu kutoka kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa Ruangwa, ana kiroba cha korosho ghafi na khanga mbili. Ulikuwa mwanzo wa msimu. Hilo peke yake lilinishtua, maana hakuna mtu wa Likunja anayeiacha mikorosho yake ianze kudondosha akaenda kutembea. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amenikumbuka. Jioni nikapika ugali na kisamvu, akala matonge mawili, akasogeza sahani.

"Hapa pananivuta," akasema, akaweka kiganja upande wa kulia, chini ya mbavu.

Kesho yake asubuhi nikampeleka hospitali. Hospitali yenyewe sitaitaja jina, na wala sina ugomvi nayo. Walimlaza, wakampaka ute baridi tumboni, wakapitisha kile kifaa kinachoonyesha picha ya ndani kwenye kioo kama cha televisheni. Kwenye ini wakaona uvimbe. Wakamtoa kinyama kidogo kwa sindano, kikapelekwa Dar es Salaam, tukakaa wiki kadhaa tukisubiri. Siku majibu yaliporudi niliitwa mimi peke yangu, na kwa namna muuguzi alivyonivutia kiti nilijua kabla hajafungua faili. Ilikuwa saratani.

Niliingiwa na hofu ambayo mpaka leo nikiikumbuka vidole vinapoa. Ninachokumbuka ni kwamba nilisoma tangazo la kunyonyesha lililobandikwa ukutani, nikalisoma tena, nikalisoma mara ya tatu, nikiogopa kugeuka kumtazama yeyote.

Bahati, kama naweza kuiita bahati, ni kwamba wiki hizo alikuwepo daktari bingwa kutoka Dar. Alikuwa akija pale kila baada ya miezi mitatu, anakaa majuma mawili, anaondoka. Kijana mpole, mzaliwa wa kanda ya ziwa, anaongea polepole kama mtu anayesomea watoto imla. Alinitoa nje kwenye baraza.

"Mwalimu, uvimbe ni mmoja, na bado mdogo, kama ndimu. Ukiwa hivi naweza kuuchoma bila kumpasua mama. Ukikua zaidi ya hapo, siwezi tena."

"Kuuchoma na moto?"

"Na spiriti. Naingiza sindano ndefu huku natazama kwenye picha inapokwenda. Ikifika katikati ya uvimbe, namimina spiriti kali kidogo. Inaunguza pale pale, kwingine haigusi."

"Na ukikosea?"

"Ndiyo maana natazama picha." Akaongeza, "Ila lazima atulie. Ini lina damu nyingi. Akijitikisa sindano ikiwa ndani, inaweza kuchana."

Neno hilo, kuchana, nilirudi nalo nyumbani. Nilimweleza mama kwa Kimwera, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua, na mambo mazito hatukuwahi kuyaongea kwa lugha nyingine. Saratani sikuitamka. Nilisema uvimbe. Aliniangalia muda, akasema sawa, uvimbe. Nilipofika kwenye spiriti akacheka mpaka akashika ubavu.

"Miaka yote nimekataa kulewa uraka wa mabibo," akasema, "majirani wananiona najidai na dini yangu. Leo naenda kunyweshwa kwa ubavuni!"

Yeye alicheka. Mimi nilikwenda uani kujifanya naanua nguo.

Tulipangiwa Ijumaa. Mama akalala kwenye kitanda cha chumba kile, daktari akamtazama kwa kifaa chake, akarudia, akapima, kisha akachukua kalamu ya bluu akachora msalaba mdogo kwenye ngozi, chini ya ubavu wa mwisho. Muuguzi, dada mmoja mnene mchangamfu, akaniambia, "Mwalimu, mwambie bibi asipaguse hapo, alama isifutike." Nikamwambia. Wakaanza kuandaa vifaa vyao. Na hapo umeme ukakatika.

Jenereta likakohoa, likawaka, likazima. Lilipowaka tena taa zilirudi, lakini ile mashine ya picha haikurudi. Tulikaa mpaka alasiri. Mwisho daktari akatoka anafuta jasho.

"Fundi anakuja na kifaa kutoka Mtwara. Njooni Alhamisi. Jumamosi mimi naondoka, na huo uvimbe sipendi tuuache miezi mitatu."

Kuhusu alama hakuna aliyesema kitu. Wala sisi hatukuuliza. Tulikuwa tumeambiwa isifutike, na hatukuambiwa mpaka lini.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu wenzangu wa stafu walinicheka baadaye. Kichwani mwangu ule msalaba ulikuwa ndio mlango. Daktari amepima kwa mashine, akapata mahali pa kupitisha sindano, akapatia alama. Alama ikipotea, sindano itaingia wapi? Na mashine yenyewe imeharibika. Nilikuwa naona sindano ikipita pembeni, inaingia utumbo, inachana ini, damu inajaa tumboni kimya kimya. Nililala na kuamka na alama ile. Asubuhi kabla ya kwenda sokoni namwomba mama anyanyue khanga nione kama ipo. Nikirudi mchana, kabla hata ya kuweka kapu chini, namwomba tena.

"Utaizeesha kwa kuiangalia," akawa ananitania.

Lakini mwezi wa kumi na moja Nachingwea si mchezo. Joto linakaa ndani ya nyumba za bati kama mgeni asiyeaga. Mama akawa anaoga nusu, anajimwagia maji upande wa kushoto akiwa ameinama, na bado jasho likafanya kazi yake. Jumapili msalaba ulikuwa umebaki kivuli. Nikachukua kalamu ya biki nikajaribu kuupitishia juu. Ikateleza. Nikaenda shuleni siku ya mapumziko, nikamwomba mlinzi anifungulie, nikatafuta maka peni kwenye kabati la mwalimu mkuu. Imekauka. Nikarudi nyumbani nimeshalia njiani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso.

"Lete korosho kwenye kile kiroba," akasema. "Moja inatosha."

Nikajua mara moja anamaanisha nini, na mtu mwingine yeyote aliyekulia kule angejua. Ndani ya ganda la korosho kuna mafuta meusi yanayounguza. Tukiwa watoto tulikuwa tunachovya njiti, tunajiandika herufi mikononi, ngozi inababuka, ikipona herufi inabaki. Mimi ninayo moja mpaka leo, ya mvulana wa darasa la sita ambaye hajawahi kujua. Na siku zile hakuna aliyekufa kwa herufi. Kalamu inafutika, korosho haifutiki. Kwa hesabu ya siku ile lilikuwa wazo la maana kabisa.

Nilipasua ganda kwa jiwe, nikachovya njiti ya kiberiti, nikapiga magoti kando ya mama. Msalaba mdogo. Mstari mmoja ukatoka mnene kuliko ulivyotakiwa. Mama hakushtuka hata kidogo. Akasema sasa waje na umeme wao.

Jumatatu alama iliwasha. Jumanne ikavimba lengelenge. Kumbe ngozi ya mtu mzima aliyedhoofika si ngozi ya mtoto anayechezea njiti. Jumatano asubuhi lengelenge lilikuwa limepasuka, na pale palipokuwa na msalaba palikuwa na kidonda chekundu chenye maji, kipana kama kiganja cha mtoto. Nilikaa chini. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha Sayansi darasa la tano. Mimi ndiye niliyekuwa nawakagua watoto kucha siku za Jumatatu.

Usiku na mchana vikawa kitu kimoja. Niliogopa uvimbe, niliogopa sindano, na sasa juu ya hayo niliogopa kidonda nilichokitengeneza kwa mkono wangu. Kama daktari atakataa, uvimbe utakuwa na miezi mitatu ya kukua, na mama atakufa kwa sababu ya njiti ya kiberiti. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia, kwa maneno hayo hayo.

Alhamisi tulifika mapema. Njiani nilikuwa nimetunga uongo: maji ya moto, kikombe cha chai kimemponyoka. Mashine ilikuwa imepona, inanguruma. Mama akalala. Daktari akafunua khanga, akasimama.

"Hii nini?"

"Maji ya moto," nikasema. "Alikuwa anakunywa chai…"

"Korosho," akasema mama, kwa Kiswahili, akitazama dari.

Daktari akanigeukia. Korosho yeye alizijua za kwenye pakiti, zimekaangwa zina chumvi, na usoni alionyesha anajiuliza mtu anaunguaje na kitu kile. Lakini muuguzi alikuwa mtu wa kwetu. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Akaangalia kile kidonda, akaangalia mkono wangu ulioandikwa herufi, akaelewa yote. Ndiye aliyemweleza daktari, kwa sauti ya chini, mambo ya ganda na mafuta yake na alama isiyofutika. Alipofika mwisho akaongeza, "Mimi ndiye niliyewaambia isifutike."

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Daktari akavuta kiti akakaa.

"Mwalimu, ile alama ilikuwa ya dakika kumi. Kila nikianza natafuta upya kwenye picha. Ungekuja hata mama ameoga mara mia, ningepata njia ile ile."

Nilitamani sakafu ile ya saruji inimeze na viatu vyangu.

"Sasa njia ile siwezi kuipita," akaendelea. "Nikipitisha sindano kwenye kidonda naingiza uchafu mpaka kwenye ini. Ngoja nitafute nyingine."

Akapaka ute, akatafuta. Akampitishia kifaa ubavuni, akakisogeza kati ya mbavu mbili, akarudi nyuma, akakiinamisha, akakaa pale pale muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu vioo vya dirisha. Mwisho akasema ipo, lakini ni nyembamba. Mama akitoa pumzi ini linapanda, njia inajificha nyuma ya ubavu. Kwa hiyo ashike pumzi pale atakapoambiwa, asiiachie mpaka aambiwe, na asijitikise kabisa.

"Utaweza kusimama hapa umwambie kwa lugha yenu?" akaniuliza. "Sitaki akose neno hata moja."

Niliitikia kwa kichwa. Ningesema nini? Njia ile ilikuwa nyembamba kwa sababu yangu.

Walimchoma ganzi. Mama akanishika kidole kimoja, kile cha shahada, akakiminya. Kwenye kioo niliona kijivu kikubwa, na katikati yake duara jeusi zaidi. Sikuhitaji kuelekezwa. Wiki zote zile nilikuwa nimeliwaza bila kuliona, na sasa liko mbele yangu limetulia.

"Mwambie ashike."

Nikamwambia. Kifua cha mama kikasimama. Kutoka pembeni mwa kioo ukatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukawa unakwenda taratibu kuelekea kwenye lile duara. Ukasimama kabla ya kufika.

"Apumue."

Nikamwambia. Akapumua mara tatu, nne.

"Sasa ndiyo yenyewe. Akishika, asiachie mpaka nimalize kumimina na kuchomoa. Mwambie itamuunguza."

Nikamwambia. Akavuta pumzi, akashika. Uzi ukasogea, ukaingia kwenye duara. Ndani ya lile jeusi weupe ukaanza kutanda, kama maziwa yanavyotanda kwenye chai ya rangi. Mama alikiminya kidole changu mpaka nikahisi mfupa. Uso wake ulikunjamana, machozi yakamtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, lakini mwili wake haukutikisika, hata unyayo. Weupe ukaendelea kutanda. Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye kioo nikisubiri kitu kichanike.

"Basi," akasema daktari. Uzi ukatoweka kwenye kioo. "Apumue."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mate yalikuwa yamenikauka, ulimi umekaa mdomoni kama wa mtu mwingine, na lile neno la Kimwera, ambalo nimelijua tangu sijui kutembea, halikuwepo. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi. Macho yametoka, mishipa ya shingo imesimama, midomo imeanza kubadilika rangi, na bado ameshika pumzi.

"Apumue, Mwalimu!"

Sikuweza. Nasema kweli, sikuweza. Muuguzi akanipiga mgongoni kwa kiganja, pa, kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa, na neno likaruka. Mama akaachia pumzi kwa kishindo, akakohoa, akavuta nyingine.

Daktari akarudisha kifaa ubavuni, akatazama kioo muda mrefu. Hakuna damu, akasema. Imekaa vizuri. Nikaenda kushika ukuta.

Yaliyofuata baadaye ni mazuri kuliko nilivyotarajia, na sitaki kuyafanya makubwa. Sindano zilikuwa tatu kwa jumla, na ya mwisho ilibidi tuisubiri mpaka daktari aliporudi baada ya miezi mitatu. Uvimbe ule ulikauka. Mama alirudi Likunja, akaokota korosho zake misimu minne mizima, wa tano nikamwokotea mimi kwa sababu ini lilikuwa limevimba upande mwingine na safari hii hakukuwa na njia, pana wala nyembamba. Kidonda cha korosho kilipona kabla ya yote hayo.

Lakini ninayoiogopa mpaka leo ni alasiri ya Alhamisi ile. Walimlaza wodini kwa upande wa kulia, asiinuke kwa saa kadhaa. Nilimletea uji, nikauweka upoe. Alikuwa amechoka, lakini uso umerudi rangi yake. Nikaanza kuomba radhi: kwa njiti, kwa uongo wa chai, kwa kunyamaza pale. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilimsikia," akasema.

"Nani?"

"Huyo daktari. Aliposema nipumue. Kiswahili hicho nakijua."

Nilimtazama nikidhani bado ana ganzi. "Sasa mbona hukupumua, mama?"

Akanitazama kama vile swali lenyewe ni la kitoto.

"Wewe ulikuwa hujasema."

Akafumba macho, akaomba nimwamshe uji ukipoa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi. Sindano ya pili ilikuwa Jumamosi asubuhi, kabla daktari hajaondoka, na mkalimani ni mimi.